Mjumbe Hauawi: Kusadikika na Haki ya Mwenye Kutumwa

Utangulizi

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Methali hii hutajwa mara nyingi na mtu aliyebeba habari asizozitunga yeye, na ambaye anahofia kwamba ghadhabu ya msikilizaji itamwangukia. Ni maneno mawili tu, lakini ndani yake mna kanuni nzima ya utawala: aliyetumwa kutazama asiadhibiwe kwa alichokiona. Makala haya yananuia kuihakiki riwaya ya Shaaban Robert, Kusadikika, iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1951, kwa mwanga wa methali hiyo. Tutajaribu kuonyesha kwamba riwaya hii, pamoja na mengine yote iliyokwisha kusemewa, ni kitabu kuhusu kazi: kuhusu mtu anayetumwa na baraza, anayetimiza alichotumwa, na anayeadhibiwa kwa sababu amekitimiza. Tutajaribu pia kuonyesha mahali ambapo mwandishi ameiacha hoja yake njiani.

Uhakiki wa Kusadikika umegawanyika kwa muda mrefu katika kambi mbili. Kambi ya kwanza huichukua nchi hiyo ya angani kuwa istiari ya Tanganyika chini ya utawala wa kikoloni, na kazi ya mhakiki huwa ni kufumbua fumbo. Kambi ya pili huisoma riwaya kama mawaidha. Katika kambi hii wamo wanaomsifu mwandishi kwa adili lake, na wamo wanaomlaumu kwa kuwa adili hilo linaelea juu ya matabaka bila ya kuyagusa. Katika semina moja niliyohudhuria nilipokuwa masomoni ng'ambo, kambi zote mbili zilikuwa na watetezi hodari, na mjadala ulikuwa mkali. Hata hivyo hapakutokea aliyeuliza swali lililo jepesi zaidi: shughuli za Kusadikika zinaendeshwaje? Nani anamtuma nani? Anayerudi anamweleza nani? Anayeshtaki na anayehukumu wanakaa wapi? Na ilhali riwaya yenyewe imejaa mambo hayo. Ina baraza, wajumbe, taarifa, mashtaka, utetezi na hukumu. Msomaji aliyepata kufanya kazi katika ofisi yoyote ile hatajiona mgeni katika nchi hiyo.

Mwandishi aliyekuwa karani

Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na Tanga, akafariki mwaka 1962. Sehemu kubwa ya maisha yake hakuishi kwa kalamu ya utunzi bali kwa kalamu ya ukarani. Alianza utumishi wa serikali mwaka 1926 katika idara ya forodha, na baadaye alitumikia, miongoni mwa kwingineko, ofisi ya wilaya ya Tanga na idara ya upimaji ardhi. Kazi ilimhamisha mahali hadi mahali, Pangani, Longido na Mpwapwa zikiwamo. Mtu huyu tunayemwita baba wa fasihi ya Kiswahili alikuwa, katika vitabu vya mishahara vya wakati wake, karani Mwafrika aliyeweza kuhamishwa kwa barua ya mistari michache.

Hatusemi kwamba maisha ya mwandishi yanatosha kuifafanua kazi yake. Tunachosema ni kwamba ukarani una maarifa yake. Karani huandika maneno yasiyo yake na kuyatia muhuri. Huziona karatasi kabla hazijawa amri. Hujua kwamba kati ya jambo lililotendeka na jambo lililoandikwa kuna nafasi, na kwamba mtu aweza kupotezwa katika nafasi hiyo. Maarifa haya ndiyo yanayoujenga mpango wa Kusadikika.

Kisa ni hiki kwa ufupi. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kuwafundisha watu elimu ya sheria. Anapopewa nafasi ya kujitetea hajisemei yeye. Kwa siku sita anasimulia habari za wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, waliotumwa pande zote nne za dunia, mbinguni na ardhini. Kila mmoja alirudi na mambo ya kuifaa nchi yake, na kila mmoja aliishia kifungoni.

Sita si moja

Wahakiki kadhaa wamelalamika kwamba mpango huu unachosha. Safari ya pili inafanana na ya kwanza, ya tatu inafanana na ya pili, na msomaji anayajua mapema yatakayomfika mjumbe. Lalamiko hili lina msingi ikiwa tunaisoma riwaya kwa kutafuta taharuki. Lakini Karama hasimulii ili kuburudisha, anajenga ushahidi. Mfungwa mmoja aweza kuwa alikosa, wawili huenda wakawa na bahati mbaya, lakini sita waliotumwa kwa nyakati mbalimbali, pande mbalimbali, na wakapatwa na jambo lile lile, si bahati tena. Ni desturi ya baraza. Marudio ambayo mhakiki anayaona kuwa kasoro ya fani ndiyo hoja yenyewe ya mshtakiwa. Anayotaka kuyathibitisha hayawezi kuthibitishwa kwa kisa kimoja, hata kingesimuliwa kwa ufundi wa namna gani.

Majina nayo yanastahili kutazamwa upya. Imekwisha kusemwa mara nyingi kwamba wahusika wa Shaaban Robert wamebeba sifa zao katika majina yao, na kwamba jambo hili huwafanya wawe vivuli badala ya watu. Ni kweli kwa mhusika mmoja mmoja. Lakini tukiyapanga majina haya pamoja tunaona jambo jingine. Buruhani ni thibitisho, Fadhili ni wema, Kabuli ni ukubalifu, Auni ni msaada, Ridhaa ni kukubali kwa moyo, na Amini ni uaminifu. Haya ndiyo mambo ambayo taasisi yoyote huyahitaji kwa watumishi wake ili isimame. Kusadikika imeyatuma yote nje, kisha imeyafungia yote gerezani. Nchi iliyobaki huru inaongozwa na Majivuno. Katika usomaji huu majina hayaelezi tabia za watu sita tu; yanaeleza hali ya baraza lililobaki bila yao.

Mtume na mtumwa

Hapa lugha yenyewe inatufaa. Kutokana na kitenzi tuma Kiswahili kimepata mtume, mtumwa, mtumishi na tume. Tukiiweka kando maana ya kidini ya neno la kwanza, tunaona kwamba mtume na mtumwa wote ni watu waliotumwa. Kinachowatenganisha kwa umbo ni kiambishi cha kutendwa na irabu ya mwisho tu. Kwa maana wametengana kama mbingu na ardhi. Mtume huaminiwa na ujumbe; akisema, hutarajiwa kusikilizwa. Mtumwa hutumwa pia, lakini neno lake halihesabiwi. Macho na miguu yake ni mali ya mwingine.

Mtumishi anakaa katikati ya hao wawili, na swali la haki kazini ni swali la upande gani anasukumwa. Mkaguzi wa hesabu, daktari wa serikali, mhandisi anayepima daraja na mtahini wa nje anayeletwa chuoni kusoma karatasi za mitihani, wote wametumwa kuona kwa niaba ya wengine. Thamani ya kazi yao iko katika jambo moja: kwamba watasema walichokiona hata kama aliyewatuma alitamani kusikia kingine. Mtahini wa nje ambaye taarifa yake inajulikana kabla hajafika hana haja ya kulipiwa nauli. Uhuru wa mtaalamu kwa hiyo si zawadi anayopewa mtaalamu ili afurahi. Ni sharti la kazi aliyoajiriwa kuifanya. Kumwondolea uhuru huo na kumwachia cheo ni kumgeuza mtume kuwa mtumwa huku akiendelea kuitwa mtumishi.

Wajumbe wa Kusadikika wanapatwa na mgeuko huu. Wanaondoka wakiwa wameaminiwa na baraza, na wanarudi wakiwa washtakiwa. Katikati hawakubadilika wao. Kilichobadilika ni kwamba sasa wana jambo la kusema.

Mshtaki mwenye kiti

Jambo la pili linalofanya Kusadikika ifanane na ofisi ni nafasi ya Majivuno. Yeye ni waziri, tena ni mshtaki. Mtu mwenye sauti katika shughuli za nchi ndiye anayeleta kesi mbele ya wakubwa wenzake. Waswahili wana kauli ya kumpelekea ngedere kesi ya nyani, na kauli hiyo haisemi kwamba ngedere ni mwovu. Inasema kwamba ni jamaa. Hata angekuwa mwema, asingestahili kuamua.

Hata hivyo haifai tumnyime Majivuno haki yake. Anasimama hadharani. Analitaja kosa kwa jina. Mshtakiwa anamwona uso, anayajua anayodaiwa, na anapewa siku za kujibu. Kwa vipimo hivi Karama ana bahati kuliko wafanyakazi wengi. Tuitazame lugha ya barua za utawala zinazoandikwa kwa Kiswahili. Mfanyakazi huarifiwa kwamba "imeamuliwa", au "imeonekana", au "umesimamishwa kazi". Kauli ya kutendwa katika Kiswahili huweza kumtaja mtenda kwa kiunganishi na: umesimamishwa na fulani. Katika barua hizi fulani huachwa. Si kosa la sarufi, maana sarufi inaruhusu. Ni matumizi ya ruhusa ya sarufi ili uamuzi usiwe na mwenyewe. Mfanyakazi anayetaka kukata rufani hajui amkate nani, na anayetaka kuuliza kama mwamuzi ndiye mshtaki hana jina la kuulizia. Majivuno, kwa majivuno yake yote, hakujificha nyuma ya kiambishi.

Vivyo hivyo neno kusikilizwa linahitaji kuangaliwa. Kusikiwa ni sauti kufika masikioni. Kusikilizwa ni mtu kutegewa sikio kwa nia ya kuelewa, na yaelekea kwa nia ya kukubali kubadilika. Kikao ambacho hukumu imekwisha kupigwa chapa kabla mshtakiwa hajaingia kinaweza kumsikia. Hakiwezi kumsikiliza.

Upungufu wa hitimisho

Tukifika mwisho wa riwaya tunaona Karama anashinda. Anaachiliwa, na wale wajumbe sita nao wanafunguliwa. Msomaji anafurahi, na ni haki yake kufurahi. Lakini mhakiki hana budi kuuliza ushindi huu umetoka wapi. Umetoka katika moyo wa mtawala aliyeguswa na maneno mazuri. Mlango wa gereza umefunguliwa na mamlaka ile ile iliyokuwa imeufunga, na hakuna mahali ambapo mamlaka hiyo inalazimika isiufunge tena kesho.

Hapa ndipo tunapoona mwandishi ameiacha hoja yake njiani. Karama alishtakiwa kwa kufundisha sheria. Maana ya elimu hiyo, kwa mantiki ya kitabu kizima, ni kwamba watu wasitegemee hisani. Haki inayotegemea hisani ya mkubwa inahitaji mkubwa mwema na mshtakiwa mwenye ulimi; Karama alikuwa na vyote viwili. Wajumbe sita walikuwa na mambo ya maana ya kusema, lakini hawakuokolewa na maneno yao wenyewe. Iliwabidi wangoje mzungumzaji hodari atokee. Je, nani atamsemea wa saba, ikiwa Karama amekufa au amehamishiwa mbali?

Inafaa kulinganisha na Utubora Mkulima, riwaya ya mwandishi yule yule iliyotolewa mwaka 1968 baada ya kifo chake. Huko mhusika mkuu anaiacha kazi ya kuajiriwa na kushika jembe. Ni njia nyingine ya kuulinda utu, na ina heshima yake. Lakini uhuru wa Utubora ni uhuru wa mwenye shamba. Asiye na shamba habakiwi na njia ila ya Karama, yaani kubaki na kusema. Shaaban Robert ametuachia basi njia mbili, kuondoka na kusema, na njia zote mbili zinategemea nguvu za mtu mmoja. Njia ya tatu, ya kuifanya taasisi yenyewe imlinde anayesema, haikufunguliwa. Pengine haikuwezekana kufunguliwa na karani wa mwaka 1951. Sisi hatuna udhuru huo.

Mjumbe wa saba

Kenya imepata mjumbe wake wa saba, naye pia alikuwa karani. David Munyakei alikuwa mfanyakazi wa Benki Kuu ya Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kazini mwake zilipita karatasi za malipo ya fidia ya mauzo ya dhahabu na almasi nje ya nchi, katika shughuli iliyojulikana baadaye kama kashfa ya Goldenberg. Alitambua kwamba karatasi hizo haziendani na ukweli, na habari zake zikawafikia wabunge wa upinzani. Mwaka 1993 alikamatwa na kushtakiwa chini ya Sheria ya Siri za Serikali. Mahakama haikumtia hatiani, lakini kazi aliipoteza. Miaka kumi baadaye, tume ya uchunguzi chini ya Jaji Samuel Bosire iliundwa mwaka 2003, na Munyakei akatoa ushahidi mbele yake. Alifariki mwaka 2006 bila ya kurudishwa kazini.

Tukiipima habari hii kwa Kusadikika tunaona riwaya imetabiri nusu ya kwanza kwa usahihi wa kutisha, na imekosea nusu ya pili. Karani aliona, akasema, akakamatwa. Lakini ukweli wake ulipokwisha kuthibitishwa mbele ya tume hakutokea mfalme wa kufungua mlango. Alisifiwa sana, na sifa hazikumrudishia kiti chake. Methali yetu nayo inaonekana kuwa na pengo: inakataza mjumbe asiuawe, lakini haisemi alishwe na nani baada ya hapo. Mtu aweza kuachwa hai na bado akawa amemalizwa.

Tangu wakati huo sheria zimebadilika. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 41, inamtaka mwajiri anayekusudia kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu au utendaji mbaya amweleze kwanza sababu, kwa lugha anayoielewa, mbele ya mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua, na ayasikilize maelezo yake. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 47, inampa aliyeathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Ibara ya 236 inakataza mtumishi wa umma asionewe kwa kuwa ametimiza kazi yake kwa mujibu wa sheria, wala asifukuzwe au kushushwa cheo bila ya utaratibu wa haki. Kwa maneno mengine, mjumbe hauawi imeandikwa katika katiba, tena kwa upana kuliko methali.

Kazi ya idara ya lugha

Yaweza kuulizwa haya yanaihusu nini idara ya lugha. Jibu limo katika maneno matatu ya kifungu kile cha 41: kwa lugha anayoielewa. Bunge lilitambua kwamba haki isiyoeleweka si haki. Tangu mwaka 2010 Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya pamoja na Kiingereza, wala si lugha ya taifa tu. Lakini mfagiaji, mlinzi au mpishi anayeitwa mbele ya kamati ya nidhamu mara nyingi hukabidhiwa barua ya Kiingereza, na hutafsiriwa na yule yule anayemshtaki. Huko ni kumrudisha Majivuno kwa mlango wa nyuma, akiwa mshtaki, hakimu na mkalimani kwa pamoja.

Hata jina la kamati yenyewe linahitaji fikira. Tukiiita kamati ya nidhamu tumekwisha kudokeza kwamba anayeingia humo amekosa nidhamu. Istilahi za kazi, kama barua ya kujieleza, kusimamishwa, kuachishwa na kufutwa, zinatumiwa ovyo, moja badala ya nyingine, ilhali kila moja ina athari yake kwa mshahara na kwa jina la mtu. Wanafunzi wetu huhitimu wakiwa na uwezo wa kuchambua sitiari za Shaaban Robert, nao hawajawahi kutakiwa kuandika barua ya mashtaka ambayo mshtakiwa ataielewa, na ambayo inamtaja aliyeamua. Karama alishtakiwa kwa kufundisha watu lugha ya sheria. Ni ajabu kwamba sisi tunaomsifu kila mwaka katika mihadhara hatujaichukua kazi yake.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba Kusadikika ni riwaya ya kazi na ya taarifa. Kwamba marudio yake ni ushahidi. Kwamba majina yake yanaonyesha taasisi iliyojifungia sifa zake gerezani. Na kwamba hitimisho lake linatupa hisani mahali ambapo hoja ilidai kanuni. Upungufu huo hauishushi kazi hii. Unatuonyesha mahali ilipokomea, na kazi njema ya fasihi humwachia msomaji jambo la kuendeleza.

Tunapendekeza basi mambo mawili. Kwanza, wahakiki waisome upya Kusadikika pamoja na maandishi mengine ya makarani na watumishi wa zama zile, kwani huko ndiko Kiswahili cha utawala kilikoundwa. Pili, idara za Kiswahili zianze na nyumba zao wenyewe, kwa kuandika taratibu zao za kuajiri, kupandisha vyeo na kushtaki kwa Kiswahili sanifu kinachomtaja mtenda. Taarifa ya mtahini wa nje isomwe mbele ya wote inaowahusu, hata inapouma. Ikiwa sisi wenyewe hatuwezi kumsikiliza mjumbe tuliyemwita kwa nauli yetu, hatutakuwa na la kumwambia Majivuno.